Mbio za magari mtandaoni ukiwa Kigoma: shilingi ya kwanza iende kwenye breki

Kiti changu cha kwanza cha mbio kilikuwa kreti la soda. Usukani niliufunga kwenye meza ya kulia chakula, pedali nikaziegemeza ukutani zisikimbie. Nikikanyaga breki kwa nguvu pedali haziendi popote, linalokwenda ni kreti. Linarudi nyuma kidogo kidogo mpaka najikuta nimenyoosha miguu kama mtu anayesukuma mtumbwi majini pale Kibirizi. Kona naikosa, naishia kwenye changarawe, nalaumu intaneti.

Intaneti ilikuwa haina kosa. Sasa ni miaka kadhaa nacheza gemu hizi hapa hapa mtaa wa Mwanga, Kigoma, na vijana wanaokuja nyumbani kujaribu huuliza maswali yale yale: kompyuta ya bei gani, kadi ya picha ipi, usukani wa kampuni gani. Anayeuliza breki sijampata bado. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata mfuko: kipi unaweza kukianza bure, shilingi ya kwanza uiweke wapi, na kipi kinaweza kusubiri hata mwaka mzima.

Tuelewane kwanza. Naongelea simuleta, gemu zinazoiga gari la kweli, siyo zile za kugonga ukuta ukaendelea na safari. Humu gari lina uzito. Tairi baridi linateleza, tangi likijaa gari linachelewa kusimama, na sakiti nyingi zimepimwa kwa leza, kiasi kwamba mwinuko au kibonde kilichoko kwenye lami ya Laguna Seca kule California ndicho utakachokisikia mkononi ukiwa umekaa Gungu.

1. Chagua gemu kwa kuangalia kompyuta na bando

Ukiwa na laptop ya kawaida, ile ya kuandikia barua na kuangalizia muvi, anza na Live for Speed. Ni gemu la siku nyingi, limetengenezwa na watu watatu tu, na lina toleo la majaribio lisilolipiwa ambalo halina kikomo cha siku. Humo unapewa magari 3: XF GTI linalovutwa na tairi za mbele, XR GT linalosukumwa na tairi za nyuma, na Formula BMW, gari dogo la wazi la kufundishia. Sakiti ni moja, Blackwood. Watu huona ni kidogo. Mimi naona ni zawadi, kwa sababu hata bila kulipa unaruhusiwa kushindana na watu mtandaoni, na sakiti moja uliyoikariri itakufundisha mengi kuliko sakiti 20 unazozitembelea kama mtalii.

Ukiwa na kompyuta yenye kadi ya picha, hata ya zamani kiasi, nenda Assetto Corsa ya Kunos Simulazioni wa Italia, iliyotoka rasmi 2014. Unailipia mara moja tu, na kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, hushushwa bei mara kwa mara. Mashabiki wameitengenezea magari na sakiti nyingi kupita kiasi. Mdogo wake, Assetto Corsa Competizione ya 2019, ni nzuri sana kwa magari ya mbio ya daraja la GT3, ila inakula kompyuta. Usiinunue kwa kuona video, utajuta.

iRacing ni habari nyingine. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2008, inalipiwa kwa muda kama king'amuzi, na magari na sakiti nyingi unaongezea kwa fedha yako. Bila intaneti haiendi kabisa. Ndiyo yenye ushindani uliopangwa vizuri kuliko zote, lakini siyo mahali pa kujifunzia kushika usukani huku siku za malipo zinahesabika. Wenye PS4 au PS5 wana Gran Turismo 7 ya 2022, nayo hutaka intaneti hata unapocheza peke yako sehemu kubwa ya gemu, na kushindana na watu kunahitaji malipo ya PS Plus.

Kuhusu bando: kinachomaliza GB ni kushusha gemu, siyo kulicheza. Mbio zenyewe zinatuma taarifa ndogo ndogo tu, gari liko wapi, linaelekea wapi, na kwangu saa nzima ya mbio haijawahi kufika MB 200. Kwa hiyo tafuta rafiki mwenye gemu tayari. Steam ina sehemu ya kuhifadhi nakala ya gemu kwenye diski ya nje. Chukua nakala yake, nunua leseni yako mwenyewe, kisha rudisha ile nakala kwenye kompyuta yako. Steam itakagua mafaili na kushusha yale tu yanayopungua. Assetto Corsa yangu ilifika nyumbani kwa bodaboda, ndani ya mfuko wa rambo, diski imefungwa kwenye fulana.

2. Tuliza picha

Hapa sitakaa sana. Lengo ni fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde pale magari yote yanapokuwa mbele yako, siyo ukiwa peke yako barabarani. Jaribu kwa kuweka magari 15 au 20 ya kompyuta na kuanzia nyuma kabisa. Picha ikikwama, punguza vivuli, picha za kwenye saiti mira, mng'ao wa bodi, moshi na watazamaji. Hakuna aliyeshinda mbio kwa kuona majani vizuri.

3. Usukani: anza na mausi, halafu mtumba

Usicheke. Live for Speed inakubali kuendeshwa kwa mausi: unaisogeza kushoto na kulia kukata kona, kitufe kimoja mafuta, kingine breki. Kuna watu mtandaoni wananipita kwa mausi mpaka leo. Kibodi ndiyo usiitumie, maana kitufe kina hali mbili tu, kimebonyezwa au hakijabonyezwa, na gari halitaki hivyo.

Ukipata fedha ya usukani, tafuta uliotumika. Logitech za zamani kama G27 na Driving Force GT, au G29 iliyotoka 2015, zinazunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu kutoka mwisho hadi mwisho, na zina mota inayokurudishia nguvu mkononi ili usikie tairi linapoanza kuachia. Kabla hujatoa hela fanya haya mbele ya muuzaji:

Chomeka umeme na USB. Usukani wenyewe unatakiwa ujizungushe kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, kisha urudi katikati. Ukikaa kimya, mota au adapta ina tatizo. Angalia adapta ni ya volti 24 na ndiyo yake. Muuzaji atakuambia chaji ya laptop inaingia, na kweli pini inaweza kuingia, lakini ile ni volti 19. Halafu fungua sehemu ya vifaa vya gemu kwenye Windows, kanyaga kila pedali polepole na utazame mstari. Ukiwa unarukaruka badala ya kupanda taratibu, ndani kuna vumbi kwenye kile kidude kinachopima mzunguko wa pedali, ndugu yake yule wa kitufe cha sauti cha redio ya zamani. Hilo lisikutishe, litumie kuombea punguzo. Fundi redio yeyote ana dawa ya kupuliza, dakika 10 limekwisha.

4. Kiti na breki

Sasa tumefika.

Kiti nilikipata kwenye gari bovu, Noah iliyokuwa imeshakuwa banda la kuku. Kilichobaki kilikuwa fremu. Nikaenda kwa fundi seremala.

"Fundi, nataka unitengenezee pa kukaa niendeshe gari. Ila gari lenyewe halipo."

"Halipo kivipi, kaka?"

"Lipo kwenye kompyuta."

Akanitazama, akautazama mninga wake. "Sawa. Ila hela yako isiwe ya kwenye kompyuta."

Alitumia mbao mbili kwa nne zilizobaki kwenye kitanda cha mtu. Umbo lake ni rahisi, hata wewe unaweza kulichora: mbao mbili ndefu chini kama reli, kiti kinafungwa nyuma, pedali zinafungwa kwa skrubu mbele kwenye ubao ulioinama kidogo, na katikati kuna kibao cha kushikia usukani. Muhimu ni kiti na pedali viwe kwenye mbao zile zile. Ukikanyaga, unajisukuma wewe mwenyewe, na hakuna kinachohama. Kaa, kanyaga breki mpaka mwisho, goti libaki limekunja kiasi. Likinyooka kabisa, sogeza pedali karibu. Mikono juu ya usukani, viwiko vikunje, mgongo usiachane na kiti.

Kisha breki yenyewe. Pedali za bei nafuu hupima umbali ambao mguu umekwenda. Gari la kweli ni tofauti: pedali ikishashika haisogei sana, kinachobadilika ni nguvu unayokaza. Na mguu wa binadamu unakumbuka nguvu vizuri, sentimita haukumbuki. Ndiyo maana pedali za gharama zina kipimo cha nguvu ndani yake. Sisi tutaiba faida hiyo kwa mpira.

Mara ya kwanza nilitumia kisigino cha ndala. Kilidumu wiki mbili kikalala kama chapati. Nenda duka la spea, omba bushi ya stebilaiza iliyotumika, ule mpira mgumu wa chini ya gari, mara nyingi watakupa bure au kwa bei ya soda. Ikate kwa kisu kikali ubaki na kipande cha milimita 15 hivi. Kiweke nyuma ya mkono wa breki, mahali ambapo mkono huo unashuka, kwa namna ambayo mwanzo mguu unabonyeza springi peke yake, kisha unakutana na mpira. Funga kwa kibanio cha plastiki kisidondoke. G29 huja na mpira wake ndani ya breki, kwa hiyo hiyo iache kwanza uone.

Baada ya hapo pedali haitafika chini tena, na gemu litadhani hujafunga breki kikamilifu. Ingia kwenye mipangilio ya pedali, kanyaga kwa nguvu ambayo unaweza kuirudia mara 200 bila kuchoka, na hapo ndipo uliambie gemu kwamba hii ndiyo asilimia 100. Hatua hii wengi huiruka, halafu wanarudi kuniambia mpira umewaharibia.

Jioni ya siku niliyofunga bushi sikuongeza mwendo hata kidogo. Nilichokigundua ni kwamba kwa mara ya kwanza nilisimama mahali pale pale, lapu baada ya lapu, yaani kila mzunguko wa sakiti.

5. Pima macho ya gari

Gemu nyingi huja zimewekwa ziangalie upana mkubwa, hivyo kona zinaonekana ziko mbali na mwendo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Chukua futi kamba. Pima upana wa skrini na umbali kutoka macho yako hadi skrini. Skrini ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 hivi. Ukikaa sentimita 60 kutoka hapo, pembe sahihi ya kushoto kwenda kulia ni kama nyuzi 48. Ukiisogeza skrini karibu, pembe inakua, kwa hiyo isukume karibu kadiri usukani unavyoruhusu. Assetto Corsa inahesabu pembe ya juu kwenda chini, na kwa vipimo hivyo hivyo ni kama nyuzi 28. Siku ya kwanza utahisi unachungulia kwenye tundu la ufunguo. Vumilia siku tatu.

Na kama dirisha lako linatazama ziwani, weka pazia nene. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi, jua linazama upande wa Kongo karibu saa 1 jioni, na nusu saa kabla ya hapo linapiga skrini huoni hata mstari wa barabara.

6. Umeme na intaneti

Laptop ina betri, usukani hauna, na ruta haina. Umeme ukikatika katikati ya mbio, picha inabaki, gari linabaki linakwenda, ila mkononi unashika plastiki iliyokufa. Kwangu haikuwa hata umeme kukatika. Nilikuwa wa tano, mahali ambapo sijawahi kufika, mama watoto akachomeka pasi kwenye ekstensheni ile ile. Taa zikafifia, usukani ukalegea kama umekata tamaa, gari likanyoosha moja kwa moja ukutani na kumchukua Mjerumani mmoja aliyekuwa pembeni. Nikamwandikia samahani. Nilishindwa namna ya kumweleza pasi.

Kwa hiyo: UPS ndogo, ile betri ya akiba umeme ukikatika, hata ya kukaa dakika 10, na humo uchomeke ruta na adapta ya usukani kwanza, kompyuta ya mezani baadaye kama inabeba. Pasi na jagi la kuchemshia maji vikae soketi ya chumba kingine. Na kwenye mvua za masika, ngurumo ikianza kusikika upande wa ziwa, usimalizie lapu. Chomoa kila kitu, pamoja na waya wa intaneti.

Sasa intaneti. Watu hutafuta kasi, na kasi siyo tatizo. Angalia safari yenyewe: taarifa ikitoka Kigoma inakwenda Dar es Salaam, inaingia kwenye nyaya za chini ya bahari, inapita Bahari ya Shamu mpaka Ulaya. Kwa njia hiyo, kutoka hapa mpaka seva, kompyuta inayoendesha mbio, ya Frankfurt, Ujerumani, ni kama kilomita 10,000. Mwanga ndani ya nyaya hizo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 100, kabla ruta yoyote njiani haijagusa kitu. Ukiona 170 au 200, usigombane na mtoa huduma wako. Gemu huwa linakisia mahali magari ya wenzako yalipo kati ya taarifa moja na nyingine, na 200 iliyotulia inakisika vizuri. Inayoharibu mbio ni 90 inayoruka kwenda 400 na kurudi. Hapo wenzako wanaona gari lako linapotea na kutokea mgongoni mwao.

Utulivu wa intaneti yako upime hivi. Fungua dirisha la amri la Windows, andika ping -n 100 8.8.8.8, subiri dakika moja na nusu. Mwishoni utaona milisekunde ndogo kuliko zote, kubwa kuliko zote, na taarifa zilizopotea. Kama kubwa inaizidi ndogo kwa zaidi ya 50, au kuna zilizopotea, usiingie mbio jioni hiyo, fanya mazoezi. Pima alasiri, pima saa 3 usiku, pima saa 5. Utaujua mtandao wa mtaa wako ulivyo na tabia zake.

Dawa za bei rahisi kwa mpangilio wa nguvu zake: tumia waya kutoka ruta badala ya Wi-Fi, kama intaneti ni ya simu, unganisha simu kwa waya wa USB na uilaze dirishani, isiwe mfukoni, iambie Windows kwamba mtandao huu una kikomo ili isishushe maboresho yake katikati ya mbio, na waombe wa nyumbani wasitume video kwa nusu saa. Hilo la mwisho ndilo gumu.

7. Lapu kumi

Chukua XF GTI, Blackwood, bila mshindani yeyote. Kazi ni moja: lapu 10 mfululizo bila tairi kutoka nje ya lami. Ukitoka, hesabu inaanza upya. Usitazame muda. Wengi huchukua jioni mbili au tatu, na wanaosema waliweza jioni ya kwanza nawaomba marudio.

Katika kila kona tafuta kitu kisichohama cha kuanzia breki: kibao cha umbali, ufa wa lami, mwisho wa uzio. Ukikifikia, kanyaga kwa nguvu gari likiwa limenyooka. Halafu, na hapa ndipo penye utamu wote wa mchezo huu, usiachie. Punguza. Kadiri mkono unavyoongeza kukata kona, mguu upungue kukaza breki, mpaka usukani unapofika mwisho wa kukata ndipo breki inakuwa imeisha. Sababu yake ni uzito. Ukifunga breki, uzito wa gari unahamia mbele na tairi za mbele zinashika barabara; hizo ndizo zinazokukatia kona. Ukiachia ghafla, pua inanyanyuka, na XF GTI inaanza kwenda moja kwa moja huku umekata usukani mpaka mwisho. Kwenye XR GT ukiutoa mguu ghafla kwenye mafuta katikati ya kona kali, kitakachokuja mbele ni mkia.

Namna ninavyowafundisha vijana: fikiria kiti cha pembeni kuna ndoo ya mawese isiyo na mfuniko. Kwenye breki kali mawese yataegemea mbele, hilo halikwepeki. Ukiachia mguu kwa mkupuo ndipo yanaporudi kwa wimbi na kukumwagikia. Panda Hiace ya Mwandiga yenye dereva mkongwe, utazame mguu wake anapokaribia kituo. Mwishoni kabisa anaachia kidogo kabla gari halijasimama, na abiria hawatikisiki. Mguu huo ndio unaoutafuta.

Macho yasikae kwenye boneti. Ukianza breki, tazama ndani ya kona. Ukiwa ndani, tazama unakotokea. Mafuta usikanyage mpaka uanze kuunyoosha usukani.

Nguvu ya usukani nayo ina mtego. Vijana huiweka juu kabisa wajisikie wanaume. Mota ikishafika mwisho wa uwezo wake, kona zote zinakuwa na uzito ule ule na husikii tairi linapoteleza. Assetto Corsa ina kipimo kidogo kando ya pedali: kikiwa chekundu muda wote, punguza.

Ukimaliza lapu 10 safi, sasa tazama muda. Lapu hizo zikitofautiana kwa chini ya sekunde moja, uko tayari kukutana na watu. Kuwa na lapu moja ya kasi na tisa za hovyo hakukusaidii kitu mtandaoni.

8. Mbio ya kwanza

Saa kwanza, maana wengi hukosa mbio kwa hesabu. Ratiba nyingi huandikwa kwa GMT. Ongeza 3 upate inavyosoma simu yako: 18:00 GMT ni 21:00, yaani saa 3 usiku kwetu. Ratiba ikiwa ya Ujerumani, tofauti ni saa moja kipindi chao cha joto na saa mbili kipindi cha baridi. Wao hubadilisha saa mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, sisi hatubadilishi.

Ingia mapema, ujaze mafuta kwa hesabu. Kwenye Assetto Corsa, kama mazoezini lapu moja ilikula lita 2.6 na mbio ni lapu 12, unahitaji 31.2, weka 34. Kujaza tangi zima ni kubeba magunia.

Jipange nyuma hata kama muda wako ni mzuri. Kwenye kona ya kwanza kila mtu anasimama mapema kuliko mazoezini, kwa sababu magari yamebanana na tairi bado baridi. Funga breki mapema kuliko alama yako, mapema sana. Utakuwa wa mwisho kwa sekunde tano, kisha utapita magari manne yaliyolala kwenye nyasi. Nimeziona mbio nyingi zikiisha hivyo, na nyingine zikiisha kwangu mimi nikiwa kwenye hizo nyasi.

Anayetaka kupita ndiye mwenye jukumu la kupita salama. Pua yako iwe imefika usawa wa mlango wake kabla hajaanza kukata kona. Kama hujafika, kona ni yake, kaa nyuma. Kuchomekea kwa mtindo wa bodaboda wa sokoni hakuna nafasi hapa. Na yeye akikuona umefika, anakuachia upana wa gari moja. Ukizunguka barabarani, kanyaga breki na ushikilie, usijaribu kurudi barabarani kwa haraka, maana wanaokuja wanakukwepa kwa kukisia kwamba umesimama. Ukioneshwa bendera ya bluu, mwenye kasi anataka kukuzidi kwa lapu nzima: baki kwenye mstari wako, usiruke pembeni ghafla kwa heshima. Heshima hiyo imesababisha ajali nyingi.

Siku utakapohamia iRacing utakutana na namba mbili. Moja inapima unavyoshinda, nyingine inapima usalama wako na inaanzia 2.50. Gari likitoka nje ya barabara unapata alama 1, ukipoteza gari 2, ukigongana sana na gari jingine 4, na mashine haiulizi nani mkosaji. Nilikasirika sana mwanzoni. Halafu nikaanza kuacha nafasi kwa watu ninaowaona wana haraka, namba ikapanda yenyewe. Wageni huanzia na Mazda MX-5, gari dogo lisilo na nguvu nyingi, na msimu mmoja una wiki 12, kwa hiyo usikimbilie kununua sakiti. Zile za bure kama Laguna Seca, Okayama na Lime Rock zinatosha kabisa mwanzoni.

Wazazi wakiuliza kama kuna ajira ndani yake, waambie ukweli. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda shindano la Gran Turismo mwaka 2011, na 2013 alikuwa anaendesha gari la kweli kwenye Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa. Ni mmoja kati ya maelfu waliojaribu. Mimi najibu kwamba nalipa umeme wangu mwenyewe.

Mbio zikiisha, usitoke kabla hujahifadhi marudio. Kesho yake yafungue, na usijitazame wewe. Hamia ndani ya gari la yule uliyegongana naye, rudi nyuma sekunde 10, uiangalie kona kwa macho yake: alikuona saa ngapi, gari lako lilitokea wapi, breki zako ziliwaka wapi. Andika kwenye daftari namba ya kona na alama ya breki utakayoijaribu. Halafu kaa kwenye kiti, kanyaga mara tano bila gemu kuwaka, uhakikishe bushi haijahama.